Mnada wa mtandaoni: dalili za muuzaji tapeli na akaunti iliyoibiwa, na cha kuangalia kabla hujatuma hela

Nipo Mwanga hapa Kigoma, natengeneza simu na nafanya miamala, na wiki haipiti bila mtu kuniwekea simu mezani akisema fundi hebu niangalizie huyu muuzaji mbona hapokei tena. Wengi wanakuja hela imeshaenda. Ndo maana naandika, maana karibu wote hao dalili walikuwa nayo kwenye skrini siku mbili kabla, ila hawakujua ni dalili.

Huku kwetu ni mbali. Reli ya kati kutoka Dar mpaka stesheni ya Kigoma ni kama kilomita 1,250, na hakuna mtu atapanda gari kwenda Kariakoo kukagua simu ya laki tatu. Tapeli analijua hilo vizuri kabisa. Ukishamwambia upo Kigoma au Kasulu au Kibondo anajua huji kumgongea mlango, na hapo bei inaanza kushuka yenyewe.

Nimepanga kwa dalili, yani kile unachokiona wewe, halafu chanzo kuanzia kile ninachokikuta mara nyingi mpaka cha nadra. Nikisema mnada naongelea eBay, magari ya Japani, na pia yale magrupu ya Facebook na WhatsApp ambako mtu anaweka picha watu wanapandishiana dau kwenye komenti.

Kama hela umeshatuma sasa hivi

Acha kusoma. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia, sema unataka muamala uzuiwe, wape namba ya muamala iliyokuja kwenye meseji. Dakika zinahesabika, hela ikishatolewa kwa wakala hakuna kitu cha kuzuia. Ulilipa kwa kadi? Piga benki, kadi ifungwe na uandikishe kwamba unaupinga huo muamala. Usifute meseji hata moja. Na usimtukane wala usimwonyeshe kwamba umeshtuka, akijua anakimbilia kwa wakala na anakubloku, mwache aendelee kuamini kwamba unatafuta ya kumalizia.

Dalili: bei ni ndogo mno

Kwanza tuelewane, kwenye mnada bei ya kuanzia kuwa chini siyo kosa. Mtu anaanzia elfu kumi ili watu waje, dau linapanda lenyewe. Dalili ni pale anapokuandikia pembeni kwamba achana na mnada nakupa kwa bei hii hapa, na bei yenyewe ni robo ya sokoni.

Chanzo kikubwa ni picha za kuiba, mzigo hana kabisa. Cha pili ni akaunti iliyoibiwa, nitaieleza chini kwa urefu. Cha tatu ni tangazo la ujanja, ukisoma mpaka chini kabisa kuna sentensi inasema kinachouzwa ni boksi tupu au kifaa kibovu cha kutolea spea, ukimdai atajitetea kwamba aliandika. Cha mwisho, nadra, ni mtu kweli ana shida ya hela.

Hicho cha mwisho ndo kinatuponza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 kupumzisha uvuvi, kuna watu waliuza vyombo kweli kwa bei ya kutupa, kwa hiyo mtu akiona injini ya boti bei chee anasema aah huyu kabanwa tu. Mzee mmoja wa Katonga alikuja na tangazo la Yamaha ya farasi 40 kwa milioni mbili na nusu. Hata iliyochoka hapa mwaloni huipati kwa hiyo hela. Nikaikuza ile picha pale pembeni kwenye kibati cha namba ya injini, namba imefutwa kwa rangi ya kijivu iliyopakwa na simu, unaona kabisa alama ya kidole ilipopita. Nikamwambia mzee muombe picha ya hicho kibati. Jamaa akajibu injini imeshafungwa kwenye maturubai. Muombe basi alifungue. Akasema funguo za stoo anazo bosi na bosi yupo msibani. Mzee aliniambia kijana tuondoke hapa, na hela yake ikabaki.

Vipimo vyepesi ni hivi. Ingiza picha kwenye Google Lens, ukiona picha ileile ipo kwenye tangazo la nchi nyingine umemaliza kazi. Kwenye eBay chuja vitu vilivyokwisha kuuzwa, utaona watu walilipa shilingi ngapi kweli, siyo bei wanazotaja. Halafu muombe video ya sekunde kumi akiwa ameweka kitu cha ajabu juu ya mzigo, kijiko, kandambili, chochote utakachokitaja wewe dakika hiyohiyo. Zamani tulikuwa tunaomba karatasi yenye jina na tarehe, sa hivi karatasi inachorwa juu ya picha kwa simu ya laki mbili, usiitegemee.

Kwa simu kuna la ziada, muombe IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, inayotoka akibonyeza *#06#, itume kwa meseji kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine na anayokuuzia, achana naye. Simu feki zilizimwa nchini tangu Juni 2016, usinunue kitu kitakachokuwa kioo cha kujiangalizia.

Dalili: akaunti ina nyota nyingi na miaka mingi, ila bidhaa haifanani na mwenye duka

Hapa nakaa sana kwa sababu hata watu makini wanapigwa hapa. Mtu anakwambia fundi huyu ana maoni mia nne yote mazuri, tangu 2011, atakuwaje tapeli? Yeye mwenye akaunti siyo tapeli. Tatizo aliyekaa ndani ya akaunti sa hivi siyo yeye.

Mwizi wa akaunti haibi akaunti mpya, anaiba ya mama mmoja wa Uingereza aliyeuza nyuzi za kufumia na sahani za udongo kwa miaka kumi, kwa sababu ile heshima ndo anayoitaka, na akiipata ana siku chache tu kabla mwenyewe hajagundua au mtandao haujafunga. Hiyo haraka ndo inamfichua. Mwenye duka hana haraka, mwizi anayo, na ukiliweka hilo kichwani dalili zote zinazofuata utaziona mwenyewe bila kukariri.

Angalia aliuza nini mwaka jana. Sahani, nyuzi, vitabu, halafu juzi usiku kaweka kamera 40, drone na injini za boti kwa saa moja? Angalia kama kuna kimya kirefu, akaunti haijauza kitu miaka mitatu halafu imefufuka ghafla. Angalia muda wa mnada, mwizi anapenda mnada wa siku moja au tatu. Angalia mji, akaunti imesajiliwa nchi moja na mzigo upo nchi nyingine. Angalia lugha, maelezo ya zamani kaandika Kiingereza chake kizuri cha mtu mzima, haya mapya yamebandikwa yote sawasawa. Na ile kubwa kuliko zote, ndani ya picha, siyo kwenye maandishi, kuna anwani ya barua pepe na maneno niandikie kabla hujaweka dau. Anaiweka kwenye picha kwa sababu mtandao unasoma maandishi na kuyazuia, picha inapita kirahisi zaidi.

Vyanzo sasa. Mara nyingi mwenye akaunti alibonyeza linki feki iliyofanana na ukurasa wa kuingilia, akaandika paswedi yake mwenyewe. Cha pili ni paswedi moja kwa kila kitu, sehemu moja ikivuja na nyingine zote zinafunguka. Nadra kidogo, akaunti iliuzwa, watu wanauza kabisa akaunti zenye nyota.

Kuna wengine hawaibi, wanazifuga. Wananunua vitu vya senti senti mpaka wanajaza nyota mia, halafu wanageuka wauzaji. Hapa kuna jambo wengi hawalijui, tangu 2008 muuzaji wa eBay haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya, kwa hiyo nyota alizopata mtu akiwa mnunuzi hazikwambii lolote kuhusu uuzaji wake. Fungua maoni, chuja yale aliyopewa akiwa muuzaji tu, soma ya vitu vya bei kubwa. Nyota mia tatu za kununua stika na kava za simu ni sawa na sifuri.

Kwa kurasa za Facebook ingia sehemu ya uwazi wa ukurasa, utaona ulifunguliwa lini na ulibadilishwa jina mara ngapi. Nimeshaona ukurasa wa vifaa vya sola ambao miezi miwili nyuma ulikuwa wa mahubiri. Instagram nayo bonyeza vidoti vitatu, sehemu ya kuhusu akaunti hii, inakupa mwezi iliyofunguliwa na kama ilishabadilisha jina.

Ukiona hizo dalili usimwandikie kupitia hiyohiyo akaunti kumuuliza je wewe ni mwenyewe, atakujibu ndio. Mwenyewe kama unamfahamu mpigie usikie sauti, kama humfahamu ripoti tangazo kwa mtandao wenyewe na uondoke. Na usiweke dau ili kumjaribu, dau ni ahadi.

Dalili: "tumalizane nje"

Chanzo cha kwanza, cha pili na cha tatu ni kimoja, anataka utoke kwenye ulinzi. Ulinzi wa mnunuzi wa eBay unafanya kazi ukilipia ndani ya eBay tu, na unatakiwa kulalamika ndani ya siku 30 tangu tarehe mzigo uliotegemewa kufika. Ukitoka nje kwa Western Union au MoneyGram au kadi za zawadi, hakuna dai. Halafu magari hayamo kwenye huo ulinzi hata ukilipia ndani, kwa hiyo anayekwambia gari hili limo kwenye ulinzi huo anakudanganya mchana kweupe.

Sura zake ziko nyingi. Kuna ile ya mtu wa kati, anakwambia hela ishikwe na kampuni ya tatu mpaka upokee mzigo, wazo zuri kabisa, ila linki ya hiyo kampuni kakupa yeye na ni yake. Tafuta kampuni mwenyewe kwa kuandika anwani kwa mkono, akikataa unayoichagua wewe basi.

Kuna ya nafasi ya pili. Umeshindwa mnada, kesho yake inakuja barua pepe kwamba mshindi kaingia mitini, chukua wewe kwa dau lako. Hii huduma ipo kweli eBay, ndo maana inanasa. Kipimo chake ni chepesi, usibonyeze kitu kwenye barua pepe, fungua eBay yenyewe uingie kwenye meseji zako za ndani. Kama ofa haipo pale, haipo.

Na ya magari ya Japani, hii inaumiza kwa sababu ni mamilioni. Umeongea na kampuni halisi wiki mbili, umetumiwa ankara, siku ya kwenda benki inaingia barua pepe kwenye mazungumzo yaleyale kwamba akaunti yetu ya benki imebadilika tumia hii. Mara nyingi sanduku la barua la upande mmoja limeingiliwa, mtu alikuwa amekaa kimya anasoma akisubiri siku hiyo. Angalia anwani herufi kwa herufi, utakuta nukta imeongezwa au herufi moja imerudiwa. Ila hata ikiwa anwani ni ileile usilipe. Piga simu kwenye namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyoko kwenye barua mpya, wakuthibitishie kwa mdomo. Jina la akaunti ya benki liwe la kampuni, akaunti ya jina la mtu binafsi simama hapohapo. Kama umeshatuma kwenye akaunti hiyo mpya, rudi benki siku hiyohiyo na maandishi yote waombe wairudishe kabla haijapokelewa kule.

Dalili: jina linalotokea kwenye muamala siyo la muuzaji

Sote tunaijua ile meseji ya ile hela tuma kwenye namba hii jina litakuja fulani. Tunacheka, ila kwenye mnada mtu huyohuyo aliyecheka anaambiwa laini yangu imejaa kiwango tuma kwa ya shemeji yangu, anatuma.

Sababu zinaweza kuwa laini iliyosajiliwa kwa mtu mwingine kwa ajili ya utapeli, au anakuelekeza kwa wakala ili atoe pesa papo hapo bila kubaki jina, au akaunti imeibiwa na mwizi hawezi kutumia laini ya mwenyewe. Ndiyo, ipo na ya kweli kwamba mtu anatumia laini ya mke wake. Mimi nasema hata kama ni kweli usitume. Mfanyabiashara anayeuza kila siku ana Lipa Namba yenye jina la biashara, akuletee hiyo. Jina la kwenye akaunti, jina la kwenye simu akipokea, na jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri, yote matatu yawe mtu mmoja au biashara moja. Wakati jina linatokea ndo nafasi yako ya mwisho, soma, watu wanabonyeza kwa mazoea kama wanafunga mlango.

Dalili: picha ya boksi lenye jina lako

Hii ni ya mizigo ya basi kutoka Dar. Umelipa nusu, jioni inaingia picha, boksi limefungwa kwa gundi ya kaki, juu yake jina lako kwa maka pen nyeusi, KIGOMA kwa herufi kubwa na namba yako ya simu, pembeni risiti ya basi. Anasema gari linatoka alfajiri, malizia nusu nimpe konda. Kuona jina lako pale juu kunalainisha moyo kuliko kitu chochote, nimeshaona mtu mzima anaibusu simu.

Boksi linaweza kuwa na tofali. Linaweza kuwa halijapandishwa kabisa, ameandika, amepiga picha, amebandua karatasi anaandika ya mwingine wa Tabora. Mara chache mzigo upo kweli ila siyo ulionunua.

Chukua jina la basi kwenye risiti, tafuta namba ya ofisi yao wewe mwenyewe, nenda hata kwenye ofisi yao ya hapa mjini uombe wakupigie Dar, wape namba ya risiti. Namba ya simu iliyopo kwenye risiti ya picha usiipige, mara nyingine anayepokea ni mwenzake. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba nusu ya pili unalipa ukifungua boksi mbele ya mtu wa ofisi. Anayekataa hilo kwa mzigo wa laki nne, huyo siyo wa kubembelezwa.

Kwa mizigo ya nje kuna ujanja wa namba ya kufuatilia. Inaonyesha mzigo umefika Kigoma umepokelewa, ila siyo wako, alituma bahasha tupu kwa anwani nyingine mjini humuhumu ili mfumo useme umefika. Nenda posta na kitambulisho waombe wakuangalizie jina la aliyepokea na uzito, ulalamike ukiwa na hilo. Injini haiwezi kuwa na gramu 20.

Dalili: rafiki au admini wa grupu ghafla anauza vitu

Shangazi yako hajawahi kuuza hata kitenge, leo anatangaza friji tatu na magodoro kwa sababu kuna bosi anahama nchi. Au admini wa grupu la mnada mliyemzoea anasema hela za dau zipelekwe namba mpya.

Kinachoongoza kwa mbali ni zile namba sita za kuthibitisha ambazo WhatsApp inakutumia kwa meseji. Mtu kapigiwa au kaandikiwa na rafiki ambaye naye kashaibiwa, eti nimekosea namba zimekuja kwako nitumie, katuma, WhatsApp ikahamia simu nyingine. Kinachofuata ni WhatsApp kuunganishwa kwenye kompyuta ya mtu, labda aliiacha simu wazi mahali, hapo yeye anaendelea kuchati kawaida na mwizi yupo ndani anasoma. Cha tatu wengi hawakijui, mtu kaambiwa abonyeze *21* halafu namba fulani na reli (#), simu zake zikaanza kuelekezwa kwa mwizi, mwizi akaomba WhatsApp impigie kusoma namba, ikampigia yeye. Cha nadra ni laini iliyokaa bila kutumika ikauzwa kwa mtu mwingine.

Mpigie kwa simu ya kawaida, siyo ya WhatsApp. Asipopokea muulize mtu wa nyumbani kwake. Usimtumie hela hata kama sauti ya kurekodi ni yake, sauti za zamani zipo humohumo kwenye chati.

Kama ni wewe uliyeibiwa, ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, omba namba sita, ukiingia yeye anatoka. Ikikuomba PIN usiyoijua, ni yeye kaiweka, utasubiri siku 7 kuingia bila hiyo PIN, lakini ukishaingiza zile namba sita yeye ameshatoka, usikate tamaa. Ukiingia, fungua vifaa vilivyounganishwa utoe vyote, weka PIN yako. Halafu bonyeza *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa, na ##002# kuzifuta zote. Watangazie watu kwa stetasi na kwa meseji za kawaida, kwa sababu wapo waliombloku mwizi wakakubloku na wewe.

Dalili: akaunti yako inauza vitu usivyoviweka

Mpangilio hapa ni muhimu, watu wanaanza na mtandao wa mnada wanabadilisha paswedi, baada ya saa moja wamerudi, wanadhani ni uchawi. Mwizi yupo kwenye barua pepe. Anza huko.

Barua pepe kwanza, badilisha paswedi ukiwa kwenye simu unayoiamini, siyo ya kuazima, toa vifaa vyote usivyovitambua. Halafu ingia kwenye mipangilio uangalie vichujio na barua zinazopelekwa kwingine, hapa ndo wanapojificha, wanaweka kichujio kwamba kila barua yenye neno eBay iende kwenye takataka moja kwa moja, wewe huoni malalamiko ya wateja mpaka akaunti inafungwa. Nimekikuta hicho kichujio kwenye simu ya binti mmoja anayeuza mawese na vitenge, alikuwa ameshabadilisha paswedi mara nne. Mara nne! Tulipokifuta zikaonekana barua arobaini na kitu za watu wanaomwita mwizi, akalia pale kwenye benchi na mimi nikakosa la kusema.

Baada ya hapo ndo paswedi ya mtandao wa mnada, tofauti kabisa na zote, washa uthibitisho wa hatua mbili, angalia namba ya simu na akaunti ya kupokelea hela kama ni zako bado. Futa matangazo yasiyo yako na uwaandikie waliokwisha kulipa. Kwa Facebook kuna facebook.com/hacked, na ukibadilishiwa barua pepe huwa inakuja taarifa kwenye ile ya zamani yenye njia ya kurudisha, itafute mpaka kwenye takataka.

Laini ikikata mtandao ghafla wakati wa wenzako ipo, na hujadaiwa wala kuidondosha, usisubiri kesho. Inawezekana mtu kaitoa upya kwa jina lako, na kama ni hivyo barua pepe na benki vinafuata. Azima simu piga 100, halafu nenda na kitambulisho duka la mtandao wako, na benki siku hiyohiyo.

Dalili: wewe unauza, meseji ya malipo imeingia ila salio halijapanda

Meseji feki. Angalia imetoka kwa nani, ikitoka kwenye namba ya kawaida ni mtu kaandika. Usiamini meseji, angalia salio kwenye menyu. Mzigo hautoki.

Hapa simama, siyo kazi yako wala yangu

Ukishapoteza hela, nenda polisi na simu yenyewe ikiwa na meseji zote, chukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, waambie ni utapeli wa mtandaoni, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Andika kwenye karatasi namba, tarehe, saa na namba ya muamala, askari mwenye karatasi iliyonyooka anafanya kazi haraka. Meseji za kitapeli zifowadi kwenda 15040 ufuate inavyokujibu.

Usikubali kukutana na muuzaji peke yako kwenda kumdai. Kuna watu wanasema namba yake ipo hapa Gungu twende tukamkamate, msiende, mwachie polisi.

Usimlipe mtu anayesema anaweza kurudisha hela au kuingilia simu ya tapeli. Ukilalamika mtandaoni tu wanakuja watatu, wana picha za watu waliorudishiwa, wanataka elfu hamsini ya kuanzia. Ni haohao au ndugu zao, wanajua umeumia na unaweza kutoa tena.

Na usiposti jina lililotokea kwenye muamala ukisema huyu ndo mwizi. Dada mmoja wa hapa Ujiji alipigiwa simu siku nzima na watu asiowajua wakimtukana, kumbe aliposajili laini kwa kijana wa mwamvuli aliambiwa kidole hakijasoma weka tena, kikawekwa mara tatu, na zilitoka laini tatu. Alipobonyeza *106# pale dukani kwangu akaziona mbili zisizo zake, tukaenda naye kuzifungisha. Bonyeza na wewe, uhesabu.